Magemu ya kubofya yanayotengenezwa kwa picha za kamera: tuyajadili, na tutengeneze ya kwetu hapa Uganda

#1 Mtoto wa Walukuba

Wakuu, habari za jioni.

Kuna aina ya gemu ambayo humu haijawahi kupata uzi wake: gemu la kubofya ambalo mandhari yake yote ni picha zilizopigwa kwa kamera. Unaona mlango, unaubofya, inakuja picha nyingine ukiwa tayari uko ndani. Unabofya droo, inakuja picha ya droo ikiwa wazi na ufunguo umo. Hakuna kukimbizwa wala kupiga risasi. Kazi yako ni kutazama, na mwenye macho ndiye anayefika mbele.

Kabla mtu hajaitaja Myst ya 1993: ile si ya kamera. Ndugu wawili, Rand na Robyn Miller, walikiunda kisiwa chao chote kwa kompyuta, picha moja moja, wakaziunganisha kwa HyperCard, programu ya kuunganisha kadi kwa kubofya, kwenye kompyuta ya Macintosh. Ndiyo iliyowazoesha watu kuhama kutoka picha hadi picha, hilo sikatai, lakini mimi nazungumzia mtu anayetoka nyumbani na kamera.

Na huyo alikuwepo kabla ya Myst. Mwishoni mwa miaka ya 1970 watu wa chuo cha MIT, Marekani, walifunga kamera juu ya gari wakazunguka mitaa ya mji wa Aspen wakipiga picha kila baada ya futi 10, kisha wakaziweka zote kwenye diski ya leza. Unakaa mbele ya skrini, unagusa kulia, gari linakata kona kulia. Ungeweza hata kubadili msimu ukauona mtaa uleule una theluji. Haukuwa mchezo, ulikuwa utafiti, ila ukifikiria vizuri kila kitu cha gemu la picha kilishakuwamo isipokuwa hadithi.

Baadaye hadithi zikaja. Gabriel Knight 2 ya 1995 ilitumia picha zilizopigwa Ujerumani, Munich na ngome ya Neuschwanstein, wakabandikwa juu yake waigizaji wa kweli, CD 6 nzima. Mwaka 2003 mwanafunzi wa sanaa wa Prague, Jakub Dvorský, alitoa Samorost: magome ya miti na kuvumwani wa kwenye picha vikakatwa vikageuzwa sayari ndogo zinazoelea angani. Mwaka 2008 Mpolandi Mateusz Skutnik alikuwa na mfululizo wa 10 Gnomes, picha nyeusi na nyeupe za mapaa na vichochoro, unatafuta vibwengo 10 ndani ya dakika 10. Mwaka huohuo Mwingereza Jonathan Boakes akatoa The Lost Crown, na hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Boakes alichukua kijiji cha wavuvi cha Polperro, kule Cornwall, akakipiga picha, akazifanya nyeusi na nyeupe, kisha akaacha rangi kwenye vitu vichache tu. Watu husifia kwamba inatisha. Mimi naona akili nyingine. Ukipiga picha za mahali pamoja kwa siku tofauti, rangi ndiyo ya kwanza kukusaliti: jana mbingu ilikuwa ya maziwa, leo ni bluu, na ukuta uleule una sura mbili. Ondoa rangi, siku zote zinakuwa siku moja. Mtu mmoja mwenye kamera anapata mji mzima bila studio.

Sasa hoja yangu. Hii ndiyo aina ya gemu ambayo mtu wa hapa anaweza kuitengeneza leo kwa simu iliyo mfukoni mwake. Na anayedhani ugumu uko kwenye programu hajajaribu. Programu ni sehemu ndogo. Ugumu uko pale unaposimama na simu mbele ya ukuta.

Mfano, droo. Ninatengeneza gemu ndani ya moja ya yale maduka ya zamani ya Wahindi hapa Jinja, yale yenye mwaka wa kujengwa umeandikwa juu kabisa ya ukuta wa mbele, baraza chini, stoo na vyumba vya familia nyuma. Chumba cha mbele sasa anakaa fundi redio, nyuma bado kuna meza ya duka, makabati, mizani na daftari la madeni. Nataka droo ya meza ifunguke. Simu iko kwenye stendi, stendi nimeifunga kwa kipande cha tyubu kwenye kreti ya soda isicheze. Picha ya kwanza, droo imefungwa. Naingia, naivuta, natoka. Picha ya pili. Katikati ya hizo mbili wingu limepita dirishani, ukuta umetoka krimu ukawa kijivu. Wewe utaona ni wingu. Mchezaji ataona amefungua droo na chumba kizima kimetiwa giza, na ataanza kutafuta maana yake. Vivyo hivyo na mjusi: picha moja yupo ukutani, nyingine hayupo. Nakuhakikishia watu watambofya huyo mjusi mpaka betri iishe.

Kwenye gemu la kuchora, kilichomo ni kile ulichokiweka. Kwenye picha kimo kila kitu, na mchezaji hajui kipi chako na kipi cha dunia. Kazi yote ni kumwelekeza bila kumshika mkono.

Karibuni, aliyewahi kucheza au kutengeneza aseme.

#2 Chapati Mbili

Mkuu, hiyo si PowerPoint? Picha, bofya, picha. Wenzetu wanatengeneza mpira wa 3D wewe unatuletea albamu ya harusi 😂

#3 Mtoto wa Walukuba

@Chapati Mbili ndiyo, PowerPoint inatosha kabisa kuanzia, weka kiungo juu ya mlango kiende slaidi nyingine. Nimeona vijana wa sekondari wakifanya hivyo kwenye maabara ya kompyuta na ilichezeka. Inakwama pale gemu linapotakiwa kukumbuka kwamba ufunguo umeshauchukua. Hapo ndipo unahamia kitu kingine.

Huo mpira wa 3D, nani hapa ametengeneza? Nasubiri.

#4 Fundi Wandegeya

Mimi swali langu ni la hesabu. Chumba kimoja unageuka pande nne, picha nne. Vyumba kumi, 40. Sawa. Lakini droo ikifunguka, dirisha likifunguka, taa ikiwashwa, na vyote viko kwenye picha moja? Mchezaji anaweza kufungua dirisha akaacha droo, au kinyume chake. Si utapiga picha mpaka uzeeke?

Na unatumia programu gani?

#5 Mtoto wa Walukuba

@Fundi Wandegeya hilo ndilo swali lenyewe. Vitu vitatu, kila kimoja kina hali mbili, ni 2 × 2 × 2, picha 8 kwa upande mmoja wa chumba kimoja. Ukiongeza cha nne ni 16. Hapo watu wengi huacha.

Dawa ni kiraka. Unapiga picha moja kamili, kila kitu kimefungwa. Kisha bila kugusa stendi unafungua droo, unapiga, na kwenye kompyuta unakata eneo la droo peke yake. Dirisha hivyohivyo. Gemu linaweka picha kamili chini, viraka juu yake kulingana na mchezaji alivyofanya. Ila kiraka kinakaa bila kuonekana kwa masharti: stendi haijasogea hata unywele, na mwanga umeufunga. Kwenye simu nyingi ukibonyeza skrini kwa muda inafunga fokasi na mwanga pamoja. Kama simu yako ina sehemu ya Pro, funga na rangi ya mwanga pia, maana simu ikiachiwa huwa inajiamulia kwamba ukuta wa krimu ungependeza ukiwa mweupe. Zima HDR, ile ya simu kuchanganya picha kadhaa za mwanga tofauti kuwa moja. Tumia saa ya sekunde 2 ili kidole chako kisitikise. Na usitumie ile lenzi ya upana, inapinda milango.

Taa haikubali kiraka. Ukiiwasha inagusa chumba kizima, kivuli cha kabati kinahama, kioo kinang'aa. Kwa taa unahitaji picha kamili mbili, ya taa imewaka na ya taa imezimwa, na kila moja viraka vyake viwili vya droo na dirisha. Jumla mafaili 6 badala ya 8, na viraka ni vidogo. Kwa hiyo kwenye hadithi yangu umeme umekatika. Hakuna taa ya kuwasha. Hakuna Mganda atakayeuliza kwa nini.

Programu: natumia Ren'Py. Ni ya bure, ipo tangu 2004, wengi wanaijua kwa hadithi za kusoma lakini ina njia ya kuchora maeneo ya kubofya juu ya picha na inakutolea gemu la Android moja kwa moja. Adventure Game Studio ya Chris Jones ni nzuri zaidi kama unataka mhusika anayetembea. Ukijua HTML kidogo, hata ukurasa wa kawaida wa wavuti unaweza, picha moja na vipimo vya maeneo yake.

#6 Dada Busia

Kaka, mimi sitengenezi, ni mchezaji, kwa hiyo nitaongea kama mchezaji.

Malalamiko yangu kwa magemu haya ni kuwinda nukta. Unabofya kila mahali kama mtu anayetafuta sindano kwenye mchele. Kwenye kompyuta angalau mshale unabadilika ukipita juu ya kitu. Kwenye simu hakuna mshale! Kidole hakielei, kidole kinagusa. Kama kitu cha kugusa ni kidogo kama kifungo cha shati, na skrini yangu ina ufa pale juu kulia, mimi nafuta gemu.

La pili ni bando. Picha za simu yangu kila moja ni MB 4. Mkileta gemu la MB 600 mtacheza wenyewe.

La tatu, yale ya zamani ya Flash, ile programu ya Adobe ya kuchezesha magemu ndani ya kivinjari, nilikuwa nayacheza kwenye intaneti kafe baada ya shule. Yamekwenda wapi?

#7 Mtoto wa Walukuba

@Dada Busia nianze na la mwisho. Adobe waliacha kuihudumia Flash tarehe 31 Desemba 2020 na muda mfupi baadaye ikazuiwa kabisa kufunguka. Lakini kuna Ruffle, inacheza mafaili ya Flash ndani ya kivinjari cha kawaida, na kuna hifadhi ya Flashpoint iliyokusanya maelfu ya magemu hayo. Mengi uliyoyajua utayakuta.

Bando: picha ya megapikseli 12 ni 4000 kwa 3000, hakuna skrini ya simu inayohitaji hiyo. Nazishusha hadi 1600 kwa 1200, JPEG ya ubora kama 80, zinakuja KB 300 hivi. Picha 150 ni MB 45. Ukizigeuza WebP, aina nyingine ya faili la picha, unapunguza tena robo mpaka theluthi. Gemu langu halitavuka MB 50 pamoja na sauti, hilo naahidi.

Kuwinda nukta: nakubaliana na wewe kabisa, na naona ni uvivu wa mtengenezaji. Google wanashauri kitu cha kuguswa kisipungue milimita 9 hivi kwenye skrini. Mimi naongeza. Droo yote ni eneo la kubofya, si kitasa chake. Kuhusu mshale uliopotea, nategemea namna ya kupiga picha. Kitu muhimu nakisogeza mahali ambapo jicho linaenda lenyewe: kwenye mwanga wa dirisha, au katikati ya ukuta mtupu, au kinakuwa kimepinda kidogo wakati vingine vyote vimenyooka. Kitabu kimoja kimetoka nje ya safu kwa kidole kimoja. Huhitaji kukiwekea nyota inayometameta. Binadamu akiona kitabu kimetoka nje ya safu, mkono unamuwasha.

#8 Nubi wa Bombo

Vijana, hamjagusa jambo kubwa. Mnapiga picha Uganda. Mimi nimewahi kushushwa kwenye boda na kukalishwa kibarazani saa nzima kwa sababu nilipiga picha ya machweo, na nyuma ya machweo kulikuwa na ukuta ambao haukupaswa kupigwa. Afande hakuwa mkali, alinipa na chai, lakini picha zote alizifuta mwenyewe, pamoja na za mtoto wangu.

Kwa hiyo mtu wa Jinja asithubutu kulifanya bwawa na daraja lake kuwa mandhari ya gemu. Kambi, kituo cha polisi, nyumba ya mkubwa, acha. Mtaani anza kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa. Mweleze, akuandikie karatasi na kuipiga muhuri. Karatasi hiyo ina nguvu kuliko kitambulisho chako, kwa sababu mwenye duka anamjua mwenyekiti, wewe hakujui.

Na sura za watu. Tangu 2019 tuna sheria ya ulinzi wa data na faragha. Sura ya mtu ni yake. Ukiiweka kwenye gemu bila ridhaa yake, siku gemu likipata jina ndiyo siku utakayomjua wakili wake.

#9 Kijiwe Arua

Mzee Nubi umesema sura za watu, na hapo ndipo mimi nina tatizo na aina hii ya gemu tangu zamani.

Mmewahi kujiuliza kwa nini karibu kila gemu la picha ni la mizimu, au kijiji kilichoachwa, au mtu aliyeamka akakuta wenzake wametoweka? Si kwa sababu watengenezaji wanapenda mizimu. Ni kwa sababu picha haitembei. Ukimpiga mtu picha akiwa barabarani, mchezaji akirudi baada ya dakika tano yule mtu bado ameinua mguu uleule. Kwa hiyo wanaondoa watu wote halafu wanatafuta kisingizio.

Cornwall kisingizio kinakubalika, kijiji cha Uingereza wakati wa baridi kinaweza kuwa kitupu kweli. Hapa? Nionyeshe soko la Arua tupu saa 5 asubuhi. Nionyeshe Old Taxi Park ya Kampala tupu, Kikuubo tupu. Hata mizimu haitaamini. Mganda akiona barabara bila mtu, bila boda, bila hata kuku, hafikirii "oh, mafumbo". Anafikiria kuna mapinduzi.

#10 Mtoto wa Walukuba

@Kijiwe Arua nimecheka hiyo ya mwisho, lakini umegusa kiini.

Mimi nimekimbilia ndani ya nyumba kwa sababu hiyohiyo. Chumba kitupu hakihitaji kisingizio. Mlango wa mbele umefungwa, umeme hakuna, na mchezaji ametumwa kutafuta hati ya nyumba kabla mwenye funguo hajarudi. Mnakumbuka historia ya majengo haya: 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke nchini, nyumba zikagawiwa, miaka ya 1990 baadhi ya wenyewe wakarudi kudai. Hati ya nyumba Jinja ni kitu ambacho mtu anaweza kukitafuta kwa moyo wote bila mzimu hata mmoja.

Watu nawaweka kwenye sauti. Hili nalichukulia kwa uzito kuliko watu wanavyodhani. Picha imesimama, lakini sauti ikiwa inatembea, ubongo unakubali kwamba mahali panaishi. Nimerekodi barabara kutoka ndani ya stoo, mlango umefungwa: boda inapita, mtu anaita mwenzake, redio ya fundi mbele inatafuta stesheni, kalooli wanatembea juu ya mabati. Wale ndege wakitua juu ya mabati utasema ni mtu amevaa viatu. Unarekodi dakika mbili tatu, unakata pasipokuwa na tukio kubwa, unaunganisha mwisho na mwanzo. Pembeni unaweka matukio machache yanayotokea ovyo ovyo, ili mchezaji asisikie honi ileile kila baada ya sekunde 40. Akikaa kimya anatazama ukuta na kusikia Jinja nyuma ya ukuta, hatauliza watu wako wapi.

Kwa anayetaka nje kabisa, kuna kisingizio kimoja ambacho kila mtu hapa anakikumbuka: kafyu ya 2020. Saa 1 jioni mpaka saa 12 na nusu asubuhi hakuna mtu barabarani. Gemu zima linatokea ndani ya kafyu, unahitaji kufika nyumba ya tatu bila kuonekana. Barabara tupu hapo ni habari, si kasoro. Unapiga Jumapili alfajiri, saa 12 na nusu hivi, kabla ya ibada. Fanya haraka tu, huku kwetu kwenye ikweta jua halina adabu ya kusubiri, ukimaliza upande mmoja wa mtaa vivuli vya upande wa pili vimeshahama.

#11 Fundi Wandegeya

Hiyo ya kafyu mimi naichukua. Msiniibie.

#12 Chapati Mbili

Nimesoma uzi wote, naondoa neno albamu ya harusi. PowerPoint nalibakiza.

#13 Mzee Kilembe

Wanangu salaam. Mimi magemu sijui, mjukuu wangu ndiye ameniletea mazungumzo haya anisomee. Lakini picha nazijua, nilikuwa na Yashica yangu nikipiga watu studio na nje.

Nilikulia Kilembe. Shaba ilianza kuchimbwa kwa wingi 1956, mwaka uleule reli ilipofika Kasese. Tulikuwa watu wa kila kabila na lugha yetu kazini ilikuwa hiihii tunayoiandika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kazi ilikufa. Zilibaki nyumba za wafanyakazi, mitambo, vyuma vikubwa ambavyo mtoto wa leo hajui ni vya nini. Halafu mto Nyamwamba ulifurika 2013, ukafurika tena 2020, na mingine ikaenda na maji.

Nimewasikia mkisema mnatafuta mahali pasipo na watu. Nendeni mahali kama huko, kwa ruhusa. Ila ninawaomba jambo moja la kifundi. Msipige kitu kizuri peke yake. Mpiga picha wa kawaida anakwenda kwenye gurudumu kubwa la chuma, analipiga, anaondoka. Ninyi mnahitaji na njia ya kufika kwenye gurudumu, na kinachoonekana ukilipa mgongo. Sisi zamani tulipiga uso wa kila kitu. Filamu ilikuwa ghali, picha 12 ndizo hizo. Leo nikitaka kuona mlango wa nyumba yetu ulivyokuwa ukitoka nje, hakuna aliyeupiga kutoka ndani.

#14 Nubi wa Bombo

Mzee wangu, heshima yako. Yashica ile ya macho mawili?

#15 Mzee Kilembe

Ndiyo. Macho mawili. Unaangalia kwa juu na mtu anasimama kushoto badala ya kulia.

#16 Mtoto wa Walukuba

Mzee, asante sana. Hilo la kupiga nyuma yako nitalikata nilibandike kwenye stendi. Wanaoanza wote wanalikosa: wanapiga kwenda, hawapigi kurudi. Halafu mchezaji akitaka kugeuka anakuta gemu halina mgongo. Kila unaposimama, kabla hujang'oa stendi, geuka upige ulikotoka, urefu uleule. Mimi nina fimbo yenye alama kwenye sentimita 150, simu haipandi wala haishuki hapo.

Wakuu, sehemu ya kwanza iko tayari kujaribiwa, chumba cha mbele na stoo. Nimeweka kiungo kwenye wasifu wangu. MB 19. Maandishi ni Kiswahili, Luganda itafuata nikipata mtu wa kunisahihisha.

#17 Dada Busia

Nimeipakua kaka. Droo nimefungua, kitabu kilichotoka nje ya safu nimekiona sekunde ileile (mkono umeniwasha kweli, banange). Nimekwama kwenye mizani. Daftari linasema gunia la kahawa ni 132. Nimeweka mawe mpaka 132 na kabati halifunguki. Nimehesabu mara nyingi. Ni gemu bovu au ni mimi?

#18 Chapati Mbili

Na mimi hapohapo. Nimembofya na mjusi, hasemi kitu.

#19 Mtoto wa Walukuba

Mjusi ni mjusi tu, mwacheni 😂 Gemu ni zima. Angalieni tena mawe yenyewe, kilichochongwa ubavuni, halafu mtazame daftari ni la zama zipi. Sisemi zaidi.

#20 Mzee Kilembe

Mjukuu amenionyesha picha ya hilo daftari. Wanangu, mwenye duka huyo alikuwa anapima kwa ratili, yaani paundi. Mawe yenu ni ya kilo. Wekeni 60.

#21 Chapati Mbili

MZEEEE! Umetuharibia 😭

#22 Dada Busia

Limefunguka! Mzee ubarikiwe. Msimsikilize Chapati Mbili. Sasa, hii picha iliyo ndani ya kabati imekatwa nusu, nusu nyingine iko wapi?